Kila ukurasa wa tovuti uwe na mwenyewe

Shirika likitaka kuiboresha tovuti yake, mazungumzo huanzia kwenye rangi na picha za ukurasa wa mbele. Mimi huomba tuanze na jedwali. Kila ukurasa upate mstari wake: anwani, kichwa, tarehe ulipohaririwa mara ya mwisho, na nani anawajibika nao. Katika kazi hii nimezoea kuikuta safu hiyo ya mwisho ikibaki tupu. Na hapo ndipo fomu za zamani, namba za simu zisizopokelewa na picha ya mkurugenzi aliyekwisha kuondoka zinapotokea.

Kwa hiyo, ukurasa usio na mwenyewe usichapishwe. Msiandike "idara ya mawasiliano" mkaona mmemaliza, kwa sababu jukumu la idara nzima huishia kuwa si la mtu yeyote. Andikeni cheo cha mtu mmoja. Si lazima awe hodari wa kuandika. Mhasibu ndiye anayejua ada imebadilika lini, na mhariri atamsaidia kuyaweka maneno sawa. Akihama, kurasa zake zikabidhiwe pamoja na funguo za ofisi.

Kisha wekeni tarehe ya kuhakiki. Ada, masharti ya maombi na mawasiliano huhitaji kutazamwa kila baada ya miezi michache. Historia ya shirika yaweza kungoja mwaka. Habari ya tukio haihitaji kuhuishwa, ila isikose tarehe yake.

Kuhusu nini kiandikwe, nendeni mapokezi. Wanaopokea simu wanajua watu wanauliza nini na kwa maneno gani, na ujuzi huo nauthamini kuliko mawazo ya kikao kizima cha wakuu. Ongezeni maneno ambayo wageni huandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti. Bila hayo, menyu hufuata mgawanyo wa idara, na anayetafuta huduma hajui, wala hapaswi kujua, inatolewa na idara gani. Serikali ya Uingereza ilipozindua tovuti yake ya GOV.UK mwaka 2012, ikichukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link, iliupanga mradi huo kwa kufuata mahitaji ya mtumiaji. Shirika dogo lina nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo, maana wanaohusika wote wanaenea kwenye meza moja.

Mtakapoanza kufuta na kuunganisha kurasa, angalieni anwani zake. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alisisitiza tangu 1998 kwamba anwani isibadilishwe ovyo. Kuna watu walioihifadhi, na tovuti nyingine zimeweka viungo vya kuja kwenu. Ukurasa ukihamishwa, mwambieni fundi aielekeze anwani ya zamani kwenye mpya kwa njia ya kudumu, ile inayoitwa 301, ili msomaji asiangukie 404, yaani ujumbe wa kwamba ukurasa haupatikani.

Sipendi pia matangazo yaliyoskaniwa na kupandishwa kama PDF. Kwenye simu yanasomeka kwa taabu, na programu inayomsomea asiyeona haipati maandishi yoyote, inakuta picha tupu. Andikeni maneno kwenye ukurasa wenyewe, na faili liwe la kupakua kwa anayelihitaji.

Msijiwekee ratiba ya habari kila wiki ikiwa hakuna wa kuziandika. Sehemu ya habari iliyokwama kwa muda mrefu humfanya mgeni ajiulize kama ofisi bado iko wazi. Ni afadhali kuiondoa hadi apatikane mwandishi.

Wingi wa kurasa ukiwatisha, fungueni takwimu za tovuti mwone zipi zinatembelewa zaidi. Hizo zipewe wenyewe wiki hii. Zile ambazo hazifunguliwi na mtu yeyote, ulizeni kwanza kama kuna sheria au mkataba unaotaka zibaki, kisha mzifute.