Kubadilisha shokapu za mbele nyumbani: iheshimu springi, mengine yanawezekana

Shokapu za mbele unaweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani, chini ya mwembe, ukiwa na spana za kawaida na siku nzima isiyo na haraka. Nimeifanya kazi hii hapa Arua, Uganda, kwenye gari langu na ya ndugu zangu, na sijaona matengenezo mengine yanayorudisha gari katika hali yake kama haya. Lakini katikati ya kazi ipo hatua moja inayoweza kumtoa mtu jicho, au roho. Mafundi wetu wengi wa kando ya barabara bado wanaifanya kwa kamba na waya, na hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni shokapu. Gari likigonga "ko-ko-ko" kwenye barabara ya murami, kila mtu atakwambia shokapu zimekufa. Mara nyingi kinachogonga ni linki ya stebilaiza, kile kijiti chembamba chenye kiungo kila upande. Gari likiwa limekanyaga chini kwa matairi yote, ingiza mkono nyuma ya tairi, ikamate linki uitikise kwa nguvu. Ikicheza, anza nayo. Bei yake haifiki hata karibu na ya shokapu. Halafu mwombe mtu akae ndani azungushe usukani polepole, huku wewe umegusisha kiganja upande wa nje wa springi, vidole visiingie katikati ya koili. Ukisikia springi inajikunja kisha inaachia ghafla kwa mlio, beringi ya juu, ile iliyo ndani ya mauntini (kishikio cha juu kinachofunga shokapu kwenye bodi), imekwisha.

Shokapu yenyewe hujitangaza kwa njia nyingine. Unyevu mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, usikutie hofu. Mafuta yanayotiririka mwili mzima wa shokapu mpaka kwenye mabano ya chini, hayo ndiyo ya kuogopa. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi: ukikuta mabonde na vilima vinavyofuatana, tairi limekuwa likirukaruka barabarani bila wa kulituliza. Pua ya gari inainama sana ukishika breki, na ukipita tuta gari linaendelea kupanda na kushuka wakati tuta umeshaliacha nyuma. Ile desturi ya kusukuma kona ya boneti na kuhesabu gari linadunda mara ngapi inakamata shokapu iliyokufa kabisa. Ile iliyochoka nusu hupita mtihani huo bila shida, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Inafaa kujua kifaa hiki kinafanya nini. Mpangilio huu wa mbele ulibuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, na Ford wa Uingereza wakauweka kwenye Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shokapu ya aina hii inatuliza mtikisiko, inabeba springi, na papo hapo ndiyo nguzo ambayo gurudumu linaizunguka unapokata usukani. Ndiyo maana ikichoka unaharibikiwa tairi na usukani kwa pamoja, na ndiyo maana ukiifungua unakuwa umegusa pembe ya gurudumu, upende usipende.

Sasa ununuzi. Sisi wa Arua vipuri vingi tunaagiza Kampala, kwenye soko la vipuri la Kisekka, mzigo unapanda basi la usiku na kuvuka Karuma na Pakwach. Ukiletewa kipuri kisichofaa umepoteza siku na nauli ya kukirudisha. Kama gari ni Toyota Premio, usimwambie muuzaji "Premio" ukaishia hapo. Mtumie picha ya kibati cha chesisi, kwa sababu Premio ya NZT240 na ZZT240 zina injini tofauti, na ZZT245 inaendesha magurudumu yote manne. Muuzaji mzuri atataka kujua ni ipi. Za mbele zina kushoto na kulia, mabano ya hozi ya breki hayakai upande mmoja, kwa hiyo mwombe akufungulie maboksi na akupigie picha ya lebo zote mbili. Na zinanunuliwa kwa jozi. Upande mmoja mpya na mwingine mzee utakupa gari linalovuta kwenye kona na kwenye breki, na lawama utamtupia fundi wa usukani bure.

Wengi watakushawishi ununue zilizotumika kutoka Japani kwa hoja kwamba "orijino ni orijino". Kwa baadhi ya vipuri nakubali. Kwa shokapu sikubali. Sheria yetu ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, na magari mengi yanaingia yakiwa yameukaribia umri huo. Shokapu iliyotolewa kwenye gari kama hilo ina sili iliyozeeka pamoja na gari. Inaweza kuonekana kavu dukani kisha ikaanza kulia mafuta baada ya matuta ya wiki chache. Ni afadhali usubiri mwezi mmoja ukanunue mpya ya kampuni inayojulikana. Pamoja nayo nunua mauntini yenye beringi, raba ya kugotea na kifuniko cha vumbi. Vumbi letu jekundu ni kama msasa: likishika kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu isiyo na kifuniko, sili mpya haifiki mbali.

Kazi inaanza mahali pa tambarare na pagumu. Weka kizuizi nyuma ya matairi ya nyuma, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini (Toyota nyingi ni spana ya 21), inua, kisha weka stendi. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu, na rundo la matofali pia halitoshi: tofali linapasuka bila kukuaga. Bolti za chini zipulizie dawa ya kutu jioni ya kuamkia kazi.

Kabla hujalegeza bolti zile mbili kubwa za chini, chora mstari kwa rangi au msumari kuzunguka kichwa cha bolti na ukingo wa mabano. Mstari huo utakusaidia kurudisha gurudumu karibu na pale lilipokuwa. Fungua linki kwa kuishika na alenki (spana ya pembe sita), achia bano la hozi ya breki na la waya wa ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) kama upo, ndipo ufungue bolti za chini. Chuma kile kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) na diski kifunge kwa waya kwenye bodi kabla hakijaanguka. Kikiachwa kilale nje, kinaning'inia kwenye hozi ya breki na kinaweza kuichomoa shafti inayozungusha gurudumu kwenye kiungo chake cha ndani. Mwisho kabisa fungua nati 3 ndogo zilizo juu chini ya boneti, mwenzako akiwa ameikamata shokapu kwa chini.

Katikati ya nati hizo 3 iko nati moja kubwa. Hiyo usiiguse.

Nati hiyo ndiyo inayoifungia springi yote isiruke. Springi inabeba sehemu yake ya uzito wa gari, na hata ikiwa imetolewa nje ya gari bado imebanwa. Kwenye gereji moja ya kando ya barabara niliwahi kuona mauntini ikiruka. Fundi alikuwa ameizungushia springi kamba ya kuvutia magari, mizunguko kadhaa, na kijana wake amekalia shokapu kwa miguu miwili. Nati ilipofika uzi wa mwisho kamba ikateleza, mauntini ikapanda juu ikatoboa bati la kibanda. Uso wa kijana ulikuwa umekwepa kwa upana wa kiganja tu. Tukanyamaza wote, kisha fundi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mungu mkubwa, mzee." Namheshimu fundi yule, ni mtu anayejua magari. Kamba ndiyo isiyojua.

Kifaa kinachotakiwa ni kibana springi, chenye skurubu ndefu mbili na ndoano zake. Zikague nyuzi za skurubu: zikiwa zimeliwa au ndoano zimepinda, kiache. Weka skurubu hizo pande mbili zinazotazamana, ndoano zishike koili nyingi kadiri inavyowezekana, na nyuzi uzipake grisi. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko michache upande huu, michache upande ule, springi ishuke ikiwa imenyooka. Ikianza kupinda kama upinde, rudi nyuma upange upya. Endelea mpaka springi iachane na kikalio chake na uweze kuizungusha kwa mkono. Hapo ndipo nati kubwa inafunguliwa, huku kichwa na kifua viko pembeni, na ncha ya shokapu imeelekezwa ukutani, si kwa watoto waliokuja kutazama. Wafukuze kabla hujaanza.

Kama huna kibana springi kizuri, ushauri wangu ni huu: toa shokapu nyumbani ikiwa nzima, ipeleke kwenye gereji yenye mashine ya kubania springi, walipe wakuhamishie springi kwenye shokapu mpya, urudi nayo kufunga mwenyewe. Utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama na hujakaa mbele ya springi. Hata mimi hufanya hivyo ninapokutana na springi nene za gari zito.

Shokapu mpya isimamishe wima uisukume na kuivuta mara kadhaa mpaka ulaini wake uwe sawasawa, maana imelala kwenye boksi na hewa imejichanganya na mafuta. Fimbo yake usiikamate kwa koleo hata kwa sekunde moja. Mkwaruzo mdogo unakata sili. Ncha ya springi lazima ikae kwenye kile kidato cha kikalio, na mauntini nyingi zina alama inayoonyesha upande wa kutazama nje. Ukishahakikisha hivyo ndipo ulegeze kibana, kidogo kidogo, pande zote mbili.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Nati 3 za juu zikaze kwa mkono kwanza, ingiza bolti za chini, zipange kwenye mstari wako, kisha zikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zinataka nguvu kubwa, kwenye Corolla nyingi ni zaidi ya Nm (Newton-mita) 100, na bega peke yake linadanganya. Nati zenye kujifunga ziwe mpya. Tazama hozi ya breki isiwe imejikunja, zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho ukiwa unaitazama. Nati za tairi kwenye Toyota ndogo ni Nm 103.

Baada ya hapo, alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, siku hiyohiyo ukiweza. Mstari wa rangi unakufikisha kwa fundi salama, lakini pembe haiwezi kusomwa kwa macho, na tairi jipya linaweza kuliwa upande mmoja kabla hujagundua. Endesha kilomita mia moja au mbili, kwenye lami na kwenye murami, kisha rudi chini ya gari na spana uguse tena bolti zote ulizofungua. Ukisikia mlio mpya upande wa juu, fungua boneti uanze na zile nati 3.