Ukienda kuangalia nyumba, nenda na fundi wako

Nyumba ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa Goba, Dar es Salaam, mwezi wa tisa, jua linawaka, rangi mpya bado inanukia. Nilichokagua ni hati tu: nikafanya upekuzi ofisi ya ardhi, nikaona jina la muuzaji ndilo lililopo na hakuna benki inayoidai, nikajua nimemaliza. Masika ya kwanza, rangi ya chumba cha watoto ikaanza kubanduka kuanzia chini. Plasta ukiigusa inamwagika kama sembe. Kumbe unyevu ulikuwa unapanda kutoka kwenye msingi miaka yote, wakauziba kwa rangi.

Mara ya pili nilikwenda na fundi. Wangu, si wa dalali. Wa dalali anajua nani atamwita kazini kesho. Nilimlipa elfu hamsini na nauli ya bodaboda.

Sebule hakuiangalia kabisa. Aliomba ngazi, akapanda darini na tochi ya simu, akashuka na kipande cha mbao ya kenchi. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikasagika. Mchwa. Halafu akazunguka na sarafu akigonga kuta na vigae, penye mlio mtupu anachora chaki. Vile vinyufa vyembamba vya plasta hakuvijali, ila ufa uliokatiza mshazari kutoka kona ya dirisha aliupima kwa ile sarafu kuona kama inapenya. Haikupenya, akashusha pumzi, nami nikashusha.

Kisha akanituma nifungue mabomba yote kwa pamoja na kuvuta maji chooni, yeye kasimama nje kwenye chemba. Maji yakaja, yakajaa, yakaanza kurudi.

"Hapo ni uchafu kidogo tu, mwanangu," mzee mwenye nyumba akaniambia.

"Sawa, mzee," nikajibu. Fundi akanyamaza, akaandika.

Majirani nao usiwapite. Dada anayechoma vitumbua pale kona nilimuuliza maji ya masika yanafika wapi, akanionyesha tofali la pili la ukuta wa jirani wa bondeni. Huku kwetu, akasema, hayapandi. Kama kuna mto karibu, pima mwenyewe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Ukiweza, rudi siku ya mvua. Bili ya mwisho ya maji omba pia, deni lisikufuate.

Fundi alitandika karatasi mezani: kenchi, chemba, plasta, kila kimoja na bei yake. Mzee akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akashusha milioni nne. Kenchi tulizibadilisha kabla ya kuhamia.

Ile ya Goba nimeipangisha. Kila mwaka napaka rangi chumba kilekile.