Kubana karatasi nyuma ya maombi ya kufungua kesi si kutoa ushahidi (limenigharimu shamba)

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza uanzie baraza la ardhi la kata au la wilaya, na wakili hapa Dodoma anachukua kiasi gani kwa kesi ya kiwanja. Halafu katikati umepitisha kamstari kadogo: "mkataba wa mauziano nimeambatisha kwenye maombi niliyoandikiwa, mwenyekiti atausoma mwenyewe." Hapo ndipo chai iliponipalia.

Hatausoma. Ataugusa akifunua jalada, lakini kwenye hukumu utakuwa kama haujazaliwa.

Nilikuwa na ekari tatu za zabibu upande wa Chamwino. Mkataba ninao: muhuri wa kijiji, mashahidi wamesaini, hadi dole gumba la bibi aliyeniuzia. Nikaangukia kwa kishoka mmoja, si wakili ila anaandikia watu kesi, mwenye mkoba wa ngozi, anashinda chini ya mti kama mganga. Akaniandikia maombi kwa laki na nusu, soda juu yangu. Akabana kopi ya mkataba nyuma, akaipiga kofi: "Kesi imeisha hii, mzee." Hapo hakudanganya.

Siku ya ushahidi niliongea weee. Mvua za mwaka ule, nguzo, nyaya, bei ya miche. Mkataba nikautaja kama mara nne, kila mara nanyoosha kidole kwenye jalada. Wenyewe halisi uko nyumbani sandukuni, maana kishoka alisema nisiutembeze utachakaa. Mjibu maombi, yaani mpinzani wangu, hana hata risiti ya kiberiti, ila kaleta wazee wawili waliosema wamemwona akilima pale miaka nenda rudi. Nikawa nacheka kimoyomoyo.

Hukumu ikasomwa: mwombaji anadai alinunua, hakutoa kielelezo chochote (yaani hakuna karatasi iliyopokelewa rasmi kama ushahidi). Kuna kesi ya 1984 inayonukuliwa kila kukicha, kwamba mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye ashinde. Basi upande mmoja wakaweka mdomo wangu, upande wa pili midomo mitatu. Dole gumba la bibi halikupanda mzani.

Nikakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Nilijua Jaji akiuona mkataba atawaka. Aliuona! Akasema kiambatanisho si ushahidi, Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo, na yeye anapima kilichopokelewa kule chini. Ushahidi mpya kwenye rufaa unaombewa kibali kwa sababu ya maana. Sababu yangu ilikuwa sanduku. Nilimnunia yule Jaji miezi sita. Siku hizi usiku wenzangu wanaangalia mpira, mimi nasoma hukumu TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu (mke wangu ananiita Mheshimiwa, na si kwa heshima), na nimekuta kibao walioingia shimo hilo hilo, wengine wakiwa na mawakili kabisa.

Sasa sikia. Ukisimama kutoa ushahidi, mkataba HALISI uwe mkononi. Sema ni nini, uliupataje, unautambua kwa kitu gani, kisha tamka: "Naomba upokelewe kama kielelezo." Mpinzani ataulizwa kama ana pingamizi. Ukipokelewa, usomwe kwa sauti. Usiendelee na hadithi nyingine mpaka usikie umepewa alama ya kielelezo. Fanya hivyo kwa kila karatasi, hata risiti ya kodi ya ardhi. Na ushuru wa stempu ulipe kabla, la sivyo wataurusha mlangoni.

Kata siku hizi, tangu 2021, inasuluhisha tu, haiamui. Anzia huko, wakishindwa kuwapatanisha wakupe hati uende nayo wilayani.

Na mkuu, huo mkataba halisi uko wapi muda huu? Usiniambie umeuacha kwa huyo aliyekuandikia maombi.