Makala yako imenakiliwa? Kusanya ushahidi kabla hujaanza kugombana

Siku moja nilikuwa natafuta makala yangu ya zamani ili nimtumie rafiki. Nikaandika kichwa chake kwenye Google, na tovuti iliyotokea juu kabisa haikuwa yangu. Ilikuwa tovuti nisiyoijua, imejaa matangazo juu hadi chini, na katikati yake makala yangu neno kwa neno. Aya ya nne nikalikuta kosa langu la tahajia, "kulinganganisha", limekaa palepale nilipoliacha. Chini yake kulikuwa na maneno "kama nilivyoeleza wiki iliyopita", na ukibonyeza unaletwa kwangu. Kilichobadilishwa ni jina la mwandishi tu.

Damu ilinichemka. Hazikupita dakika kumi nikawa nimemtumia mwenye tovuti ujumbe mkali. Kesho yake ukurasa ulikuwa umefutwa, nikadhani yamekwisha. Baada ya wiki moja makala ikarudi kwenye anwani nyingine ndani ya tovuti ileile. Safari hii kosa la tahajia limesahihishwa, kiungo kimeondolewa, na tarehe imerudishwa nyuma ili ionekane yeye ndiye aliyetangulia kuandika. Mimi sikuwa na picha hata moja ya ule ukurasa wa mwanzo. Ushahidi mzuri kuliko wote nilikuwa nimemwonyesha mimi mwenyewe, naye akaufuta.

Kwa hiyo, kabla hujamwandikia mtu yeyote, piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, anwani na tarehe zikionekana. Hifadhi ukurasa wenyewe kama faili. Kisha peleka anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za tovuti, ambako unaweza kuomba ukurasa uhifadhiwe papo hapo. Nakala ya huko ina tarehe na saa, tena haikutengenezwa na wewe, ndiyo maana ina uzito. Ukurasa wako nao ufanyie hivyohivyo, na rasimu zako usizitupe.

Kilichoniokoa mimi ni WHOIS, yaani kumbukumbu za usajili wa majina ya tovuti, ambazo yeyote anaweza kuzitazama. Jina la tovuti yake lilisajiliwa miezi miwili baada ya makala yangu kutoka, na Wayback Machine ilikuwa na nakala ya ukurasa wangu kabla ya hapo. Tarehe aliyoibandika ilikuwa ya wakati ambapo tovuti yenyewe haijasajiliwa.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa hawakusajili kazi yao popote. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi zaidi ya 180 zimeuridhia, hakimiliki haitegemei usajili wala ile alama ya ©. Unayo tangu ulipoandika. Ila inalinda maneno yako na jinsi ulivyoyapanga, wazo lenyewe hailindi. Mtu akikusoma akaenda kuandika jambo hilohilo kwa maneno yake, huna kesi, hata kama roho inakuuma. Aliyenukuu kwa kiasi kinachofaa na kukutaja naye mwache. Na kama kazi uliiandika kwa malipo ya mtu mwingine, soma mkataba kwanza, huenda haki si yako tena.

Baada ya hapo, achana na mwizi, nenda kwa anayempangisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inaikinga kampuni inayohifadhi tovuti za watu isidaiwe fidia kwa makosa ya wateja wake, lakini kwa sharti kwamba ikipewa notisi sahihi iondoe kazi iliyonakiliwa bila kuchelewa. Hata kampuni nyingi za nje ya Marekani zina fomu ya namna hiyo. WHOIS ya anwani ya IP ya tovuti, yaani namba ya seva yake, itakusaidia kuijua kampuni. Ukikuta seva imefichwa nyuma ya Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya seva na wasomaji, peleka malalamiko kwao, kwa kawaida huyafikisha kwa mwenye seva.

Notisi itaje kazi yako na anwani kamili ya nakala, mawasiliano yako na sahihi. Useme pia kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa, kwamba maelezo ni sahihi, na kwamba una mamlaka ya kudai, hili la mwisho chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Si maneno ya kujaza fomu tu: anayedanganya kwa makusudi anaweza kudaiwa fidia. Notisi inaweza kumfikia mlalamikiwa pamoja na jina lako, kwa hiyo anwani ya nyumbani kwako ifikirie mara mbili. Naye akipinga rasmi, kampuni hurudisha ukurasa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa umeshafungua kesi.

Notisi yangu ilizaa matunda ndani ya siku tatu. Kampuni ikikaa kimya, Google ina fomu ya kuondoa ukurasa kwenye matokeo yake. Mtandao wa matangazo nao ulalamikie, maana huko ndiko hela ya mwizi inakotoka.

Mahakama iwe ya mwisho. Kwa Marekani, fidia iliyowekwa na sheria, dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na hadi 150,000 kwa aliyekusudia, huipati kama hukusajili kabla ya kunakiliwa au ndani ya miezi mitatu tangu uchapishe. Tangu 2022 kuna baraza la madai madogo ya hakimiliki, mwisho dola 30,000, lakini mlalamikiwa ana siku 60 za kukataa kushiriki. Kumfuatilia kwa wakili mtu asiye na jina wala anwani, kwangu naona ni kutupa fedha.

Biashara yenye jina lake ni habari nyingine. Kampuni moja ndogo iliwahi kuweka makala yangu nzima kwenye tovuti yao. Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatanisha picha za skrini na ankara ya matumizi, nikawapa siku 14. Siku ya tisa walilipa, wakaomba radhi, wakauliza kama naweza kuwaandikia nyingine.