Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Benki au Kiwanda cha Korosho?

Swali: Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 52 na nimeitumikia benki moja ya biashara hapa Dar es Salaam kwa miaka 19, sita ya mwisho nikiwa mkurugenzi wa mikopo ya makampuni. Mkurugenzi mtendaji wetu alipostaafu, kila mtu kazini aliamini kwamba zamu ilikuwa yangu, lakini bodi ikamleta mtu kutoka nje. Sasa familia moja yenye kiwanda cha kubangua korosho Mtwara, ambayo ni mteja wetu wa miaka mingi, imeniomba nikawaongozee kampuni. Mshahara ni theluthi mbili ya ninaoupata sasa, ila wameniahidi kwa mdomo asilimia tano ya hisa. Wenzangu wananiambia kwamba kutoka benki kwenda kiwandani ni kushuka. Nifanye nini? – Mkopeshaji, Dar es Salaam

Jibu: Ndugu Mkopeshaji, barua yako, ambayo tumelazimika kuifupisha, ilikuwa na kurasa nne, na tatu kati ya hizo zilihusu bodi iliyokunyima kiti. Kiwanda kilipata ukurasa mmoja tu. Hilo limenitia wasiwasi kuliko korosho zenyewe, kwa sababu mwenye hasira na nyumba anayoihama hakagui vizuri paa la nyumba anayohamia. Sikulaumu kwa kuumia, maana miaka 19 si kidogo, lakini jambo la bodi limekwisha, na yule bwana aliyeletwa hatasikia uchungu wowote ukiondoka.

Kuhusu hao wanaosema utashuka, kizazi chetu kilikariri ahadi za TANU, na mojawapo ilianza kwa maneno "Cheo ni dhamana". Tuliyakariri bila kufikiri kwamba dhamana hurudishwa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mkuu wa manunuzi wa kampuni moja ambayo sitaitaja, na Desemba yangu ya mwisho pale buti la gari halikufunga kwa wingi wa kalenda, shajara na makapu ya sikukuu kutoka kwa wazabuni walioniita kaka. Desemba iliyofuata nilipata kalenda mbili, moja kutoka duka la dawa la mtaani kwetu na nyingine ya parokia. Ndipo nilipoelewa kwamba wale ndugu zangu walikuwa ndugu wa kiti. Kwa hiyo, kabla ya kupima kiwanda, jipime wewe: andika majina ishirini ya watu unaofanya nao kazi kubwa, kisha uwawekee alama wale ambao wangekusikiliza hata kama usingekuwa na shilingi ya kuwakopesha. Alama zikiwa tatu au nne, si haba. Hao ndio mtaji wako wa kweli, pamoja na kile unachokijua kichwani.

Na unachokijua kichwani, kwa bahati nzuri, ndicho ambacho kiwanda cha korosho hukihitaji zaidi. Watu wa mjini hudhani ubanguaji ni suala la mashine na akina mama wanaomenya maganda, kumbe ugumu wake mkubwa uko kwenye fedha. Minada ya korosho ghafi kwa kawaida huanza Oktoba, na ifikapo Januari sehemu kubwa ya mzigo huwa imekwishauzwa kupitia vyama vya ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani. Mbanguaji analazimika kununua katika miezi hiyo michache malighafi ya kuchakata mwaka mzima, huku akishindana mnadani na wafanyabiashara wanaopeleka korosho ghafi India na Vietnam, kisha akae na mzigo huo ghalani, riba ikihesabika kila siku, mpaka autoe kidogo kidogo ukiwa umebanguliwa. Kiwanda kilichoingia Februari ghala likiwa nusu hakiokolewi na mashine mpya. Wewe umekaa miaka sita upande wa pili wa meza hiyo, ukiamua nani apewe mkopo wa msimu na nani asipewe, na bila shaka unajua ni swali gani la tatu au la nne ambalo mwombaji huanza kujikuna sikio akiulizwa. Sioni kwa nini hilo liitwe kushuka.

Usilolijua ni la upande mwingine. Katika benki, hatari ya siasa ilikufikia ikiwa mstari mmoja kwenye taarifa ya mkopo. Mtwara utaikuta mlangoni. Kumbuka Novemba 2018, pale bei za mnadani zilipokataliwa na Serikali ikatangaza kuzinunua korosho za wakulima yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Waulize wenye kiwanda walinunua nini msimu ule, kwa fedha ya nani, na wafanyakazi walilipwaje. Majibu yao yatakuonyesha mkakati wa kampuni hiyo kuliko andiko lolote lenye jalada zuri.

Kisha kuna familia yenyewe. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, hata kama faili lao umeliona benki, kwa kuwa mtu huionyesha benki kile anachotaka ikione. Uliza nani anasaini hundi. Ikiwa mzee na mwanawe mkubwa ndio wanaosaini, nawe utakuwa mtendaji mkuu asiyeweza kununua mafuta ya jenereta bila kupiga simu Dar es Salaam, basi wanatafuta karani mwenye suti nzuri. Hisa za mdomo usizihesabu kabisa. Ziandikwe katika mkataba kabla hujaacha kazi, zikieleza utazipata lini, zitakuwaje ukiondolewa na nani atazinunua ukitaka kutoka, na zikishatolewa zisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kwa jina lako. Mzee akisema kwamba kati ya watu wanaoaminiana hakuna haja ya makaratasi, mkumbushe kwa heshima kwamba wewe humjui mjukuu atakayerithi.

Sasa mambo ambayo wakurugenzi huona haya kuyauliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi na mwajiri kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Kwa maneno mengine, miaka yako 19 ni siku 70, na hizo ni pale mwajiri anapovunja mkataba. Ukijiuzulu mwenyewe huna cha kudai chini ya kifungu hicho, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. La pili ni mkopo wa nyumba wa wafanyakazi. Mara nyingi riba ile nafuu hukoma siku unapoondoka, na deni huhamia kwenye riba ya soko au hutakiwa lote. Soma mkataba wa mkopo leo, na mama watoto awepo, kwa sababu theluthi ya mshahara inayopotea na riba inayopanda zitakutana katika mwezi mmoja. La tatu, hakikisha kiwanda kinapeleka michango ya pensheni NSSF kwa wakati. Umebakiwa na miaka mitatu kufikia 55, umri wa kustaafu kwa hiari, na si wakati wa kuanza kufukuzana na mwajiri juu ya michango.

Nimeliacha kwa makusudi jambo ambalo lisipofanyika mengine yote hayana maana. Familia hii ni mteja wa idara yako. Ikiwa ofa yao iko mfukoni mwako na faili lao liko mezani kwako, huo ni mgongano wa maslahi, hata kama hujawapendelea kwa senti moja. Andika barua kwa mkuu wako wiki hii, faili lihamishiwe kwa mwenzako, na maongezi ya ajira yaendelee baada ya hapo. Mtu aliyejenga jina kwa miaka 19 katika mikopo akiondoka na doa hilo, hata zile alama tatu au nne atazikosa.

Ukishamaliza hayo, chukua likizo yako Oktoba, nenda Mtwara kwa gharama zako, ukae kwenye minada miwili mitatu bila kutambulishwa na mtu.

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 44. Nimeteuliwa afisa mkuu mtendaji wa kampuni ya bima baada ya kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya sabuni. Wasimamizi wananiita kichinichini "muuza sabuni", na halmashauri inataka mkakati ndani ya siku 100. Je, niajiri washauri? – Mgeni, Nairobi

Jibu: Bi. Mgeni, Peter Ndegwa alitoka Diageo, kampuni ya pombe, akaanza kuiongoza Safaricom Aprili 2020, wakati korona ilikuwa na wiki chache tu Kenya, na ilikuwa vigumu hata kukutana na watu aliokuja kuwaongoza. Jina hilo la muuza sabuni lichukue, maana anayeuza sabuni anajua mteja asiporudi ni kwa nini, jambo ambalo katika bima watu huweza kulisahau kwa miaka.

Washauri wasubiri. Kaa kwanza siku tano kwenye dawati la madai ya fidia, ukisoma mafaili mwenyewe kutoka tarehe ya ajali hadi tarehe ya malipo. Usiruhusu iwe ziara rasmi wala usiitangaze Ijumaa, kwa sababu ukifika Jumatatu utakuta meza safi, na yale mafaili ya miezi minane yatakuwa yamehamishiwa chumba cha vifaa vya usafi, karibu na sabuni.