Mtoto anaambiwa mama yake yuko Oman

*Shikamoo Anti. Niko Tanga, nina miaka 27. Baba alifariki mwaka jana, na kabla machozi hayajakauka, miezi 8 baadaye dada yangu naye akaugua, akaondoka. Ameacha mtoto wa kiume wa miaka 6, ninaye mimi. Siku ya msiba kaka alimwambia mtoto kwamba mama yake amekwenda Oman kufanya kazi, atamletea baiskeli. Mpaka leo anaamini hivyo. Gari likisimama nje anakimbilia dirishani. Mimi nalia bafuni, bomba nimelifungulia asinisikie. Kanga ya dada nimeificha kwenye mfuko, sijaifua, usiku nainusa. Watu wananiambia arobaini imeshapita, nishukuru Mungu. Nitazoea lini? Mama Mdogo.*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole mara mbili, maana msiba wa baba hujaumaliza ukatwishwa wa dada juu yake.

Arobaini ni ya kisomo na sadaka. Hakuna aliyesema na moyo nao unafunga hesabu siku hiyo. Tena kwa wengi ndiyo kwanza msiba unaanza: turubai limeshushwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, wageni wamepanda mabasi, umebaki na nyumba. Kwa hiyo usijihukumu kwa imani haba. Na kanga usiifue mpaka utake mwenyewe.

Kilichonikaa mimi ni hiyo Oman. Kaka yako alisema kwa huruma, sina shaka, na wengi wetu tumelelewa na hiyo “amesafiri”. Lakini hebu tazama: katika nyumba hiyo dada yako hajafa. Sasa wewe utamlilia wapi mtu aliye safarini? Ndiyo maana unalia bafuni. Na mtoto naye ana wenzake ambao mama zao wako Maskati kweli. Hao wanapigiwa simu ya video, wanatumiwa mabegi na viatu. Wake hapigi. Unadhani anawaza nini? Kwamba mama amemsusa. Halafu msibani alikuwepo, vilio alivisikia, na mtaani watoto wanajua. Siku moja atatupiwa usoni katika ugomvi wa gololi.

Mwambie wewe, mchana, ameshakula, mmekaa chini pamoja. Sema kwa maneno makavu: “Mama hakwenda Oman. Mama aliugua, akafa. Hatarudi. Tulikwambia vile kwa sababu tuliogopa utaumia.” Usiseme amelala, ataogopa kitanda. Usiseme Mungu alimpenda zaidi akamchukua, mtoto wa miaka 6 atamkasirikia huyo Mungu. Mweleze kwamba mwili wa mama umeacha kufanya kazi: hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi tena. Dini yenu ifuate hapo, kwa jinsi mnavyoomba nyumbani.

Anaweza kulia. Anaweza pia kuuliza kama chai ina maziwa, akatoka kwenda kucheza. Usiumie, watoto huomboleza kwa vipande vipande. Atauliza lile lile kesho na keshokutwa, na jibu liwe lile lile. Mambo mawili mwambie hata asipouliza: kwamba hakusababisha yeye kwa utundu wake, na kwamba wewe upo, na kama wewe ukiumwa kuna mjomba na fulani wa kumlea. Akikojoa kitandani wiki hizo, badilisha shuka, usimsimange. Mwalimu wake umwambie pia.

Na siku hiyo ukilia, lia mbele yake.

Kaburini ajue ni wapi. Kama kwenu wanawake hamwendi, mjomba ampeleke baada ya sala ya Ijumaa, amwoneshe, waombe dua, warudi. Hiyo ndiyo kazi ya kaka yako, na umwambie kabla ya kumwambia mtoto. Akishikilia asubiri akue, muulize akue mpaka umri gani, na nani atakuwa anamjibu kila gari likisimama.

Umeuliza utazoea lini. Tarehe sina. Utakachokiona ni kwamba siku nzuri zitaanza kusogeleana, kisha Idi moja itakuangusha kama siku ya kwanza, kisha utainuka. Hiyo ni kawaida. Ambayo si kawaida ni miezi 6 kupita na bado huli, huamki, huwezi kazi, hamu ya kumwona imekushika kila siku bila kulegea. Hali hiyo Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ugonjwa, na una tiba ya mazungumzo. Nenda hospitali ya mkoa, Bombo, uulize afya ya akili. Na fikra ya kutaka kuwafuata ikikujia hata mara moja, usingoje miezi: mwamshe mtu usiku huo huo akupeleke.

Ukishamwambia mtoto, niandikie.