Kabla hujalipia picha ya "Riefenstahl, Berlin, 1936"

Maelezo ya mnadani huwa mafupi: jina la Leni Riefenstahl, Mjerumani aliyeongoza filamu ya Olympia kuhusu michezo hiyo, kisha Olimpiki ya Berlin, mwaka 1936. Yote matatu yahojiwe, na uanze na karatasi yenyewe.

Nyingi zinazouzwa ni kurasa zilizokatwa kwenye kitabu chake cha 1937, Schönheit im olympischen Kampf. Huo ni wino wa mashine, si picha iliyosafishwa chumba cha giza. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 hadi 30, uangalie sehemu ya kijivu, mathalani anga nyuma ya mrukaji. Wino utaonyesha vidoa vilivyojipanga kama wavu. Kwenye picha iliyosafishwa kijivu kinafifia taratibu bila wavu wowote. Angalia pia kama ukingo mmoja umepitishwa wembe. Ukurasa si bandia, ila usiulipie bei ya picha.

Ikipita hapo, zima taa uimulike kwa tochi ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365. Dawa ya kung'arisha weupe ilianza kutiwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950, kwa hiyo ikiwaka buluu kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, haikusafishwa 1936. Mulika mbele, nyuma na kingoni, maana doa la gundi nalo huwaka likakupoteza. Isipowaka, usishangilie: zipo karatasi za baadaye zisizo na dawa hiyo. Ikiwa na ngozi ya plastiki pande zote mbili, wala usihangaike na tochi: hiyo ni karatasi ya miaka ya baadaye.

Sasa jina. Riefenstahl alikuwa mwongozaji. Kamera zilishikwa na wengi. Wapiga mbizi walipigwa filamu na Hans Ertl, aliyekuwa na kamera ya chini ya maji, na utangulizi wa filamu ya Olympia ni kazi ya Willy Zielke. Picha nyingi ni fremu zilizokuzwa kutoka kwenye filamu hiyo, na si kila fremu ni ya mashindano. Yule mtupa kisahani maarufu ni Erwin Huber, mwanariadha wa michezo kumi, akiigiza mbele ya kamera. Fainali ya kuruka kwa upondo iliisha giza limeingia, Earle Meadows na wenzake wakaitwa tena kuruka ili wapigwe filamu.

Wauzaji hupenda kutanguliza Jesse Owens na medali zake nne za dhahabu, eti ushahidi kwamba kazi haikuwa na siasa. Usimezeshwe. Fedha zilitoka serikali ya Kinazi kupitia kampuni ya kuficha mkono wake, na filamu ilizinduliwa 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa ya Hitler. Baada ya vita Riefenstahl aliwekwa kundi la wafuata mkumbo wa Unazi. Lebo yako haina sababu ya kumpunguzia zaidi ya hapo.

Kwa picha iliyowaka buluu, andika hivi: "Fremu ya Olympia, 1936. Mwongozaji Leni Riefenstahl, mpiga picha hajulikani. Imesafishwa baada ya 1950. Filamu iligharimiwa na serikali ya Kinazi." Iandike kwa penseli laini kwenye kadi ya pembeni, si mgongoni mwa picha.

Hifadhi kwenye bahasha ya poliesta, si ya PVC. Na tafadhali, usiipeleke kulaminishwa stesheneri: joto la mashine huyeyusha gundi juu ya picha, na kuibandua ni kung'oa picha pamoja nayo.